Pikipiki imeogeshwa, kadi je?

Hivi jamani, ni nani aliyetudanganya kwamba kukagua pikipiki ya mkono wa pili ni kuipiga kiki, kusikiliza mlio, kutikisa kichwa kama fundi wa miaka 30 halafu kuuliza "mwisho wako shilingi ngapi"? Nauliza kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuona vijana wenzangu, watu wenye digrii, watu wanaoweza kukuchambulia mkataba wa gesi kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, wakitoa milioni moja na ushee kwa mtu waliyekutana naye kijiweni saa mbili zilizopita. Ukiwauliza kadi ina jina la nani wanakujibu bila kupepesa macho: "Ah, hiyo nitabadilisha baadaye."

Baadaye! Leo ugomvi wangu ni na neno hilo.

Niwaeleze kwanza ninapoandikia. Ofisi yangu iko Mchafukoge, kata ambayo jina lake lenyewe linamwambia mchafu akaoge. Na huku pikipiki zinaogeshwa kweli kweli. Zinapigwa sabuni, plastiki zinapakwa mafuta zing'ae, siti inavishwa kava jipya, zinabandikwa stika za Yanga au Arsenal kutegemea mteja... Ukivuka Bibi Titi Mohamed ukakatiza Mnazi Mmoja uko Kariakoo. Ukiteremka kidogo uko Gerezani, ambako chuma chochote kinapatikana, kizima au nusu. Yaani ndani ya mwendo wa miguu tu unaweza kununua tenki, taa, ringi, injini, na usipokuwa makini unaweza kuuziwa kitu kizima kilichounganishwa kutoka pikipiki tatu ambazo hazikuwahi kufahamiana. Sisemi kila anayeuza ni mwizi. Wengi ni watu kama wewe na mimi wanaotafuta ada ya mtoto. Ninachosema ni kwamba macho peke yake hayatoshi.

Haya, tuanze na chuma, maana najua ndicho mnachokipenda.

Nenda asubuhi. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla salamu hazijaisha, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, muulize imetoka wapi. Pikipiki iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, ndiyo maana inapashwa moto kabla mgeni hajaja. Ikiwaka, tazama moshi wa ekzosi. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili, ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha. Moshi mweusi maana yake inakula petroli kupita kiasi, na huo mara nyingi ni ugonjwa wa kabureta au chujio la hewa, si msiba. Na ukikuta injini imekuwa kimya mno kwa umri wake usishangilie. Kuna mchezo wa kumwagia oili nzito ili makelele ya vyuma vilivyolika yazibwe kwa siku mbili tatu, muda wa kutosha wewe kufika nyumbani na muuzaji kubadilisha laini ya simu. Fungua kifuniko cha oili, chovya kidole, isugue uone uzito wake.

Kilomita usizisome. Nasema kweli, usizisome kabisa. Kebo ya mita inaweza kukatika leo ikakaa hivyo miaka, na hakuna anayejali. Badala yake piga hesabu. Tuseme bodaboda inakimbia kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni kilomita 30,000. Kwa miaka miwili ni 60,000, yaani imeizunguka dunia mara moja na nusu ikiwa na mishikaki mgongoni. Sasa mita inasoma 14,000 na wewe unachekelea! Soma raba za kukanyagia, soma pedeli ya breki, soma mpini wa gia. Vitu hivyo havidanganyi kwa sababu wanaoogesha pikipiki huvisahau. Soma na rangi ya namba pia. Nyeupe ni ya biashara, njano ni ya binafsi. Nyeupe inakuambia ukweli wake mapema. Njano haikuhakikishii kitu, kwani sote tumeshapanda bodaboda yenye namba ya njano.

Halafu ipandishe kwenye stendi ya kati. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia, likicheza jua kuna bushi au beringi iliyokufa. Geuza stelingi polepole, ikinasa katikati kama imeingia kwenye kijishimo, beringi zake zimekwisha. Tazama meno ya sprokiti, yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa weka kando pesa ya seti nzima na cheni yake. Inama chini ya siti uangalie kama chesi imechomelewa. Mwisho mwambie mtu aiendeshe polepole kwenda mbele, wewe simama nyuma yake. Magurudumu mawili yaonekane kama moja. Yakionekana mawili chesi imepinda, na hapo sitaki ubishi, ondoka. Hata ikishushwa bei nusu ondoka, wodi za MOI hazina upungufu wa wagonjwa.

Nimeandika mengi juu ya chuma kwa makusudi, ili nikuambie kwamba karibu yote hayo, ukiacha chesi, yanatengenezeka. Ringi zinauzwa, cheni zinauzwa, kabureta inasafishwa. Ndiyo maana kwa pikipiki ya kwanza nakushauri Boxer au TVS ya kawaida, ya cc 100 au 125. Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba spea zimejaa na hata fundi wa chini ya mwembe anaijua. (Wale mnaotaka kuanza na dubwana la Kijapani kwa sababu mmeliona kwenye filamu, nawatakia heri.)

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakitengenezeki Gerezani wala Kariakoo, nacho ni kadi. Au tuseme, kadi inayotengenezwa mtaani ndiyo usiyoitaka.

Kwanza linganisha namba. Namba ya chesi imegongwa kwenye shingo ya chesi, chini ya stelingi. Namba ya injini iko kwenye injini yenyewe, pembeni. Zisome kwa kurunzi, herufi moja moja, kadi ikiwa mkononi. Herufi zikiwa hazikukaa mstari mmoja, au kuna mikwaruzo ya tupa, au rangi mpya imepakwa hapo tu na si kwingine, usiulize bei. Boxer inayotoka India namba yake ya chesi huanza na MD2, TVS ya huko huko huanza na MD6, na za China huanza na L. Ukiletewa "Boxer" ambayo chesi yake inaanza na L, unauziwa stika. Injini ikiwa na namba tofauti na ya kadi utaambiwa "tulibadilisha tu, ile ilikufa". Inawezekana ni kweli, lakini karatasi za hiyo injini ziko wapi na mbona TRA hawana habari?

Pili, jina. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA. Si la shemeji yake wala la bosi wake aliyehamia Mwanza. Mwenye jina hawezi kuja? Basi pikipiki haiuzwi, mambo yamekwisha, rudi ofisini. Na kadi iwe halisi. Kivuli cha kadi pamoja na ripoti ya polisi ya upotevu ni hadithi ninayoijua vizuri. Mara nyingi kadi "iliyopotea" imelala salama kabisa kwenye kabati la mtu aliyemkopesha muuzaji pesa, na siku atakapoitaka pikipiki yake hatakwenda kwa muuzaji, atakuja kwako.

Mtasema naleta ukali wa kitabuni. Sawa, tukiangalie kitabu. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasimama juu ya kanuni kwamba, ukiondoa hali chache, asiye na haki juu ya mali hawezi kukupa haki hiyo, hata umlipe kiasi gani na hata uwe na roho safi kama malaika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamwajibisha anayepokea mali ya wizi akijua, AU AKIWA NA SABABU YA KUAMINI, kwamba imeibwa. Sasa jiulize mwenyewe. Pikipiki imeuzwa nusu ya bei ya wenzake, jioni, bila kadi, na mtu mwenye haraka ya ajabu. Utamwambia nini askari wa Msimbazi, kwamba hukuwa na sababu ya kuamini? Wewe, mwenye digrii?

Na faini je? Zinaandikwa kwa namba ya pikipiki. Ingiza namba kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani kabla hujalipa, ni kazi ya dakika moja kwenye simu hiyo hiyo unayosomea maneno haya.

Kuna utetezi mmoja ambao huwa unanigusa, na siwezi kuupita. Unauzwa na yule kijana wa bodaboda anayekuambia: "Kaka, kadi ina jina la bosi kwa sababu ilikuwa ya mkataba, nimeshamaliza." Wengi wanaosema hivyo wanasema kweli. Kijana alipewa pikipiki, akapeleka hesabu kila siku kwa mwaka mzima au zaidi, jua na mvua, mpaka akamaliza. Siku ya kumaliza bosi akamkabidhi kadi, akampiga bega, akamwambia hongera. Hakwenda naye TRA. Akamwachia kijana mali ambayo kwa karatasi bado ni ya bosi.

Na huyo bosi ni nani? Tusizungushane. Ni sisi. Ni watu wa maofisini, walimu, wauguzi, wahasibu, waandishi wa habari pia wamo, wenye pikipiki mbili au tano barabarani kama mradi wa pembeni. Tunajua kuandika mkataba wenye vipengele 12 vya kumbana kijana asipoleta hesabu siku mbili, lakini kipengele cha kumhamishia umiliki akimaliza hatukikumbuki, au tumekiandika kwa neno lile lile, baadaye. Halafu kijana akitaka kuuza ili aanze biashara nyingine anapunjwa kwa kuwa kadi si yake, na anayempunja ni msomi mwenzetu anayejiona mjanja kwa kupata bei ya kutupa. Siku pikipiki hiyo ikimgonga mtu na kukimbia, jina la kwanza kutafutwa ni lililo kwenye kadi. Mabosi, mnalala vipi?

Ndiyo maana sikubali hoja ya gharama. Kuna ada ya uhamisho na kuna ushuru wa stempu, hilo najua, na foleni ipo. Lakini ukishapatana bei ya pikipiki hujapatana chochote mpaka mmekubaliana nani analipa uhamisho na siku gani mnakwenda TRA na kadi halisi, TIN zenu na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili. Mimi ningebakiza sehemu ya pesa mkononi mpaka jina libadilike. Muuzaji mkweli atanung'unika, atakubali. Anayekasirika na kutaja mteja mwingine anayekuja na pesa taslimu, mwache huyo mteja apate bahati yake.

Na usichukue fundi wa dalali. Dalali analipwa pikipiki ikiuzwa, na fundi wake anaishi naye kijiwe kimoja, sasa unategemea atakuambia usinunue? Chukua fundi kutoka mtaani kwako, mlipe nauli na posho yake hata kama hununui. Na katika bajeti yako ibaki pesa ya helmeti nzuri, si lile kapu la plastiki la kumdanganya trafiki.

Nimeandika haya yote kwa sababu mdogo wangu anayefanya kazi huku huku mjini, anayepoteza saa mbili kila asubuhi kutoka Gongo la Mboto, ameamua kununua pikipiki. Leseni ya daraja A anayo tayari. Ameonyeshwa Boxer moja inang'aa kama sahani ya harusi. Nikamuuliza kadi. "Kaka, mbona wote wananunua hivyo?" akanijibu, na kadi ina jina la mtu asiyemjua wala dalali hamjui. Tumekubaliana Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, injini ikiwa baridi, mwenye jina awepo, fundi wetu awepo. Tangu jana dalali amempigia simu mara tatu akiomba tuje jioni.