Beni na Butembo: Chumba cha manjanja bila plafo kisipangishwe kwa bei ya nyumba

Saa saba za mchana, jua likiwaka, vyumba vingi vya kupangisha pembeni mwa mji wa Beni havina mtu ndani. Mama na watoto wako nje, chini ya mwembe wa jirani ama kando ya ukuta, na wanasogea kadiri kivuli kinavyosogea. Chumba kinalipiwa mwezi mzima, lakini kinakalika asubuhi na usiku tu. Na usiku wenyewe, mpaka saa nne, kuta bado zinatoa joto.

Jambo hili linaonekana dogo kwa sababu tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni wana mambo mazito zaidi ya kulilia. Aliyekimbia Eringeti, Mbau au Mangina akafika mjini na watoto wake wazima, anaona haya kulalamika juu ya joto. Basi ananyamaza, anatoa garanti, analipa. Ukimya huo unawafaa wenye nyumba.

Si kwamba Beni ni jangwa. Mji uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Butembo inapita mita 1,700. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 100 joto linashuka zaidi ya nusu digrii, kwa hiyo ndani ya kilometa 54 za barabara hewa inabadilika kwa digrii tatu au nne. Fundi wa Butembo anajenga chumba kifupi, dirisha dogo, paa limebana ukuta pande zote. Kwa baridi ya kule ana haki. Chumba hicho hicho kikijengwa Beni au Oicha kinakuwa tanuru ya matofali.

Lakini mtu wa Butembo asiseme hayamhusu. Familia zilizopanda kutoka kusini mwa Lubero baada ya M23 kuingia Kanyabayonga mwezi Juni 2024, zile ambazo hazikupata ndugu wa kuzipokea ndani ya nyumba nzuri, zinajua shitingi ni kitu gani: mchana unatoka jasho, usiku unatetemeka. Plastiki na bati ni vyembamba. Jua likipiga juu, upande wa chini unapata moto papo hapo, na moto huo unashuka moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Jua likizama, joto la ndani nalo linatoroka kwa njia ile ile.

Ndiyo maana plafo si mapambo ya matajiri. Inafanya kazi mchana na usiku, Beni na Butembo. Wala si lazima iwe ya mbao za kurandwa au triplex. Mikeka, mianzi iliyopasuliwa, hata magunia yaliyoshonwa pamoja yanasaidia, mradi pabaki nafasi ya hewa kati yake na manjanja, na hewa hiyo iwe na tundu la kutokea chini ya paa. Bila tundu, joto linalala pale juu na kushuka polepole. Anayetumia magunia ya plastiki akumbuke kwamba yanashika moto haraka: mshumaa na mbabula vikae mbali.

Wengine wanapendekeza kupaka paa rangi nyeupe. Mji wa Ahmedabad, huko India, ulianza kazi hiyo mwaka 2017 kwa nyumba za maskini, na ni kweli rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua. Hapa kwetu rangi ya kudumu ina bei, na chokaa tupu mvua za Beni zinaiosha mapema. Kwa pesa ile ile, plafo kwanza.

Kuna shauri lingine ambalo vitabu vya wageni vinalirudia: fungua madirisha usiku, hewa baridi iingie. Mkaaji wa Mulekera au wa Ruwenzori anaweza kucheka. Nani atalala dirisha wazi katika mji ambamo giza likiingia watu wanafunga milango kwa makufuli? Na akifungua, mbu nao wanaingia. Jibu liko kwenye matofali yenye matundu, yale mafundi wanayoita klostra, yakiwekwa juu kabisa ya kuta mbili zinazotazamana na kuzibwa kwa wavu wa mbu. Hewa inapita, mtu hapiti. Kazi ya siku moja kwa fundi mwenye patasi.

Nani alipe? Mwenye nyumba. Anayepokea garanti ya miezi kadhaa kwa mkupuo hawezi kusema amekosa pesa ya mikeka na klostra. Kama kweli hana, mpangaji aweke mwenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi, waandike kwenye karatasi mbele ya shefu wa avenyu. Bila karatasi, wapo wapangaji watakaotengeneza chumba, kisha wapandishiwe bei kwa sababu sasa chumba ni kizuri. Mashirika yanayogawa shitingi nayo yaongeze mikeka na miti ya kuishikilia.

Yaliyobaki familia inaweza kuyafanya yenyewe. Ukuta wa magharibi ndio unaopigwa na jua la mchana wote mpaka jioni. Marakuja ikipandishwa pale kwenye vijiti inautia kivuli na inazaa. Anayetumaini kurudi kijijini karibuni hataki kupanda mwembe, na anaeleweka. Mgomba hauchukui miaka. Mbabula itoke nje kabisa: makala ndani ya chumba kilichofungwa yanaongeza joto, na moshi wake usioonekana unaua. Na mtoto akiwa na mwili wa moto, mzazi asisingizie manjanja. Ampeleke kituo cha afya apimwe malaria.

Kwa wenye nyumba, jambo moja kabla ya kupokea garanti: siku ya jua, saa nane za mchana, waingie ndani ya chumba wanachokipangisha, wafunge mlango, wakae nusu saa. Halafu wataje bei.