Usiuze ampli ya zamani: kigeuzi cha bei ndogo kinatosha

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, ampli iko palepale kwenye kona pamoja na bafle zake mbili, lakini imenyamaza. Haijaharibika. Ni simu mpya ambayo haina tena tundu la kuchomekea waya. Muuzaji mmoja atakuambia dawa ni kuuza ampli hiyo na kununua bafle ya bluetooth yenye mataa ya rangi. Mwingine atakuambia bila kigeuzi cha dola 100 hutasikia kitu. Maoni yangu ni kwamba wote wawili wanakula pesa yako bure. Kwa familia nyingi za hapa kwetu, kigeuzi kidogo cha bei ndogo kinatosha, na kwa zingine hata hicho hakihitajiki.

Neno hili si la wapenda muziki peke yao. Familia nyingi za mji huu zimepokea ndugu waliokimbia makwao, wengine kutoka upande wa Mitwaba na Pweto, wengine kutoka Kivu. Katika nyumba ya watu kumi na zaidi, habari za simu moja zinamfikia yule anayeishika. Wengine wanasimuliwa, na zinapomfikia wa mwisho zimekwisha kugeuka. Ampli inayosikika kiwanja kizima inawapa wote maneno yaleyale kwa saa ileile, mzee aliyekaa mlangoni na mama aliye kwenye mbabula. Ndiyo maana inafaa tuzungumze juu ya kitu hiki kidogo.

Kigeuzi ni nini? Simu na kompyuta zinaweka sauti kama namba. Bafle haijui namba, inasukumwa na umeme unaopanda na kushuka. Kati yake lazima kuwe na kifaa cha kugeuza namba kuwa umeme wa sauti. Kwenye makasha madukani kimeandikwa DAC, na wauzaji wengine wanakiita kadi ya sauti. Kila simu inayo moja ndani, kwa ajili ya spika yake ndogo. Zamani sauti hiyo ilitoka nje kupitia tundu la waya. Apple iliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine nyingi zikafuata. Tangu hapo tunalipia nje kitu tulichokuwa nacho ndani.

Kabla hujatoa pesa, jiulize: nataka kusikiliza nini?

Kama ni redio ya FM, hauhitaji kigeuzi. FM inafika kwa mawimbi ya analogi, si kwa namba. Ampli nyingi za zamani zina redio ndani yake, zinaomba waya wa antena tu. Na jua hili: katika simu zenye redio ya FM, waya wa masikioni ndio unaofanya kazi ya antena. Simu isiyo na tundu mara nyingi imepoteza redio pia, na usitegemee kigeuzi kuirudisha. Atakayekuambia usikilize redio kwa intaneti, muulize nani atalipa megabaiti. Kwa familia inayolala mahali pasipo na umeme, kitu cha kwanza kununua ni redio ndogo ya batri. Inasema hata SNEL ikikata umeme, na watu kumi wanaisikia. Kigeuzi kije nyuma yake.

Kama unataka nyimbo, mahubiri ao vipindi vilivyo ndani ya simu visikike kwenye ampli, hapo kigeuzi kina kazi. Kwa simu yenye tundu la USB-C, tafuta adapta fupi inayotoka USB-C kwenda tundu la waya wa masikioni. Angalia vizuri hapa. Sokoni kuna adapta za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Moja ina kigeuzi ndani. Nyingine ni waya tupu, inategemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Ukinunua hiyo ya pili utafika nyumbani ukute kimya. Dawa ni moja: jaribu adapta na simu yako mwenyewe, palepale dukani, kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, nenda meza ya pili.

Adapta ya Apple yenye kigeuzi ndani iliuzwa dola 9 kwenye duka lake lenyewe. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba kazi ya kugeuza sauti si kazi ya bei kubwa tena. Ila kwenye simu fulani za Android sauti yake inatoka chini, basi hiyo pia ijaribu kwanza.

Kutoka kwenye adapta unaweka waya wenye kichwa kimoja upande wa simu na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa ampli. Uchomeke mahali palipoandikwa AUX, CD ao TAPE. Usichomeke PHONO, kwa sababu hapo ni pa mashine ya sahani za muziki na sauti itatoka imepasuka.

Kwa kompyuta, kisanduku kama Behringer UCA202 kina tundu za sauti kutoka na za sauti kuingia. Aliye na kaseti za zamani, za harusi, za kwaya ao za sauti ya mzazi aliyekwisha kufariki, anaweza kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Kwa familia iliyokimbia na kaseti mbili tu ndani ya mfuko, kazi hiyo ina thamani kuliko uzuri wowote wa muziki.

Kwa televisheni mpya yenye tundu la mwanga, kuna visanduku vidogo vinavyopokea mwanga huo na kutoa nyekundu na nyeupe. Ukisikia kimya ao kelele, usikirudishe bado. Ingia kwenye mipango ya sauti ya televisheni, uchague PCM.

Sasa namba zilizoandikwa kwenye kasha. Muuzaji atakuonyesha 24, 32, 192, 384, kama vile namba ikiwa kubwa sauti inakuwa tamu. Diski za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982 zinapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16. Hiyo inatosha kubeba sauti mpaka karibu mwisho wa sikio la binadamu, ambao ni kama mitetemo 20,000 kwa sekunde kwa kijana, na inapungua na umri. Mwaka 2007, Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walitangaza jaribio lao katika jarida la wahandisi wa sauti. Watu walisikilizishwa sauti ya namba kubwa na ileile iliyopitishwa kwenye kipimo cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Walipatia karibu nusu ya mara zote, sawa na mtu anayerusha sarafu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa lile linasikika mpaka leo, na sauti yake ni ya njia moja, na kelele kidogo ya zamani zile. Kigeuzi cha dola 300 hakiwezi kuongeza kitu ambacho hakikuingia kwenye mikrofoni ya Tracey. Vilevile hakiwezi kuponya wimbo uliobanwa mara tano kwa kupita WhatsApp.

Ukisikia sauti mbaya, tafuta sababu mahali pengine kwanza. Kukiwa na mvumo, chomoa chaja ya simu: ukikoma, ubaya ni wa chaja. Weka sauti ya simu karibu na juu, halafu utumie kifungo cha ampli kupunguza. Angalia kama karatasi ya bafle imepasuka. Pesa inayobaki baada ya kununua kigeuzi cha bei ndogo, mpe fundi atengeneze bafle. Hapo utasikia tofauti.

Najua kuna atakayesema bafle ya bluetooth ina batri, na umeme wetu tunaujua. Ni kweli. Asiye na ampli anunue hiyo, hajakosea. Lakini mwenye ampli asiitupe. Ampli ya zamani inafunguka, fundi wa Katuba ao wa Kenya anabadilisha kipande na inarudi. Bafle nyingi ndogo za siku hizi zimegundishwa, batri ikifa watu wengi wanatupa zote.

Kipimo changu ni mfuko wa unga wa kilo 25. Kigeuzi na waya wake vikizidi bei ya mfuko huo, mwachie muuzaji. Bukari ya watoto haiwezi kungoja namba za kwenye kasha.

Na nyinyi wauzaji wa soko ya Mzee Kabila, wa Kenya na wa mjini, nawaomba kitu kimoja: wekeni ampli ndogo mezani, mteja ajaribu na simu yake kabla hajatoa franka. Mama aliyehama na mzigo kichwani hana pesa ya kununua mara mbili.