Kufuatana Si Kutegemeana

Katika maazimio ya kazi tunayoletewa na wanachuo, mada hupangwa kwa wiki, ya kwanza hadi ya mwisho, wala haionyeshwi mada ipi inaihitaji ipi. Mpangilio huo hautoshi. Watungaji wa programu za kompyuta walikumbana na tatizo hilo hilo, na dawa waliyoipata yafaa kuazimwa.

Mwaka 1976 Stuart Feldman, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alitengeneza Make, chombo cha kuunda programu kutokana na mafaili mengi. Mtumiaji wake haandiki orodha ya kazi kwa zamu. Kwa kila faili linalotakiwa kuundwa hutaja linahitaji mafaili gani. Utaratibu hutafutwa na chombo chenyewe. Faili moja likibadilishwa, Make huzitambua kazi zinazolitegemea kwa kulinganisha tarehe na saa za mafaili, nazo hizo tu huzirudia.

Gradle, chombo cha miaka ya baadaye, hutenganisha mahusiano mawili. Kazi yaweza kuihitaji nyingine: ukiiomba hii, ile nayo hutendwa kwanza. Au yaweza kupangwa baada yake tu: zikiombwa zote mbili hufuatana, lakini ikiombwa peke yake hutendwa peke yake. Wengi huyachanganya mahusiano haya. Anayeandika "inahitaji" pasipo haja huitwika mashine kazi za bure. Anayeandika "baada ya" palipo na haja huenda akaunda programu kwa vipande vilivyopitwa na wakati, asijue.

Tutazame hisabati. Kugawanya kwa njia ndefu kwahitaji kuzidisha na kutoa. Kusoma dakika za saa kwahitaji kuhesabu kwa tano-tano. Lakini maumbo yakija baada ya kugawanya, ni kwa sababu ya kurasa za kitabu tu. Jaribio likionyesha kwamba darasa halijui kuzidisha, mwalimu mwenye orodha ya zamu ama hurudia muhula mzima (nao wapo!), ama husonga mbele akiwaburuta watoto. Aliyeonyesha mahitaji hurudia kuzidisha, kisha kugawanya, maumbo hayagusi.

Twapendekeza azimio la kazi liongezewe safu moja, yenye kichwa "Inahitaji". Isijazwe kwa mazoea. Mada isiyohitaji nyingine iachwe wazi. Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha waijaribu kwa hisabati peke yake, na wailete kwa mkufunzi kabla ya kwenda shuleni.