Tusiulize Tena "Ni Lini". Tuulize Zimetoka Shilingi Ngapi



Kila asubuhi Bunge la Tanzania linapokaa Dodoma, dua ikishasomwa, haupiti muda mrefu kabla ya maswali kuanza. Mbunge anasimama, anaomba swali lake lijibiwe, anakaa. Naibu Waziri anasimama, anasema anajibu kwa niaba ya Waziri wake, anasoma karatasi. Ukisikiliza wiki nzima utaona kwamba sehemu kubwa ya maswali hayo ni swali moja lililobadilishwa majina ya vijiji tu. Je, ni lini Serikali itajenga barabara ya kutoka hapa hadi pale? Ni lini itapeleka gari la wagonjwa? Ni lini itamalizia maboma ya zahanati yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi? Na jibu nalo ni lilelile: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, tathmini inaendelea, fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana.

Jibu hilo si uongo, na hapo ndipo linapotushinda. Hakuna siku utakayoweza kumwambia Waziri kwamba hakutimiza alichosema, kwa sababu hakusema kitu. Ukimuuliza mtu "ni lini" unamwomba ahadi, na ahadi haimgharimu hata senti tano.

Lawama si za wabunge peke yao. Maswali hayo wameyatoa kwetu. Mbunge akija jimboni sisi ndio tunaomshika mkono na kumwambia, "Mheshimiwa, barabara yetu lini?" Anaandika kwenye daftari, anakwenda nayo Dodoma, anaiuliza kama tulivyomtuma. Kazi tuliyompa ameifanya. Ninachowaomba basi ni kwamba tubadilishe tunachomtuma, tukiandike wenyewe, kwa pamoja, kata kwa kata, na tubaki tukifuatilia kilichojibiwa.

Haki hiyo hatuiombi kwa mtu. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika njia za kufanya hivyo imetaja kumwuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 21 inatupa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayotuhusu. Anayekwambia kwamba kuuliza fedha za shule ya mwanao ni uchochezi, mwambie afungue Katiba.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Ni namba za kutisha, lakini tuelewe zilivyo: ni makadirio. Bunge linapopitisha bajeti mwezi Juni haliweki fedha mezani. Linatoa ruhusa ya kuzitumia. Baada ya hapo Hazina hugawa kidogo kidogo kadiri kodi, mikopo na misaada inavyoingia. Zahanati iliyoandikiwa milioni 50 kwenye kitabu cha bajeti inaweza kupata 50, au 20, au isipate hata shilingi. Inaweza pia kuzipata zote mwezi Juni, wiki chache kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30, na hapo Halmashauri inabaki kuhangaika kuomba kibali ili bakaa isirudi Mfuko Mkuu. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule tuliyemzoea kwa jina la CAG, zimeyasema mambo ya fedha pungufu na fedha zilizochelewa mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo kati ya kilichoidhinishwa na kilichofika kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo zahanati yetu ilimopotelea. Swali la "ni lini" linaruka juu yake. Swali lenye meno linaingia ndani: kwa mradi huu, mwaka huu wa fedha, Bunge liliidhinisha shilingi ngapi, Hazina imetoa ngapi hadi Desemba 31, na fundi amelipwa ngapi? Jibu la swali hilo ni namba. Namba ikitajwa Bungeni inaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na kijijini tunaweza kuisimamisha mbele ya jengo lenyewe tukaona kama vinafanana.

Hapa kuna jambo la utaratibu ambalo wengi hatulijui, na naliona ndilo kubwa kuliko yote. Swali la msingi hupelekwa kabla. Wataalamu wa wizara wana muda wa kupiga simu Halmashauri, kufungua vitabu na kuandaa jibu. Baada ya jibu hilo mbunge huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, ambayo Waziri anayasikia palepale. Wabunge wengi hufanya kinyume cha inavyopasa: wanaweka "ni lini" kwenye swali la msingi, halafu wanadai takwimu kwenye nyongeza. Waziri naye, tena kwa haki kabisa, anasema takwimu hizo hanazo mkononi na atampatia Mheshimiwa baada ya kikao. Sisi tuliobaki huku hatutaziona kamwe. Takwimu ziombwe kwenye swali la msingi, ambapo hakuna kisingizio cha kushtukizwa. Nyongeza ibaki ya kubana: kwa nini zilitoka nusu, na nusu nyingine iko wapi?

Na wakati una maana yake. Bunge hukutana kwa kawaida mara nne kwa mwaka, na mkutano mrefu wa Aprili hadi Juni ndio wa bajeti. Huko ndiko mbunge, makadirio ya wizara yakipitiwa fungu kwa fungu, anaweza kusimama na kushika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka aelezwe. Ni silaha nzuri, ila ina muda mfupi. Saa zikiisha gilotini inashuka na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo. Mbunge anayefika pale na malalamiko matupu atarudisha shilingi baada ya dakika tano za kubembelezwa. Anayefika na jibu la Waziri mwenyewe alilolitoa Januari au Februari, lenye namba za nusu mwaka, hawezi kubembelezwa kirahisi. Kwa maneno mengine, swali la mwanzo wa mwaka ndilo linalompa nguvu mwezi Mei.

Tuchukue jambo ambalo kila mzazi anaweza kulipigia hesabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilitangazwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000, shilingi 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo za kwenda moja kwa moja shuleni. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 800 inapaswa kupokea shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani laki nne kila mwezi. Je, zimefika laki nne? Hesabu ya wanafunzi iliyotumika ni ya mwaka huu, au ni ya zamani kabla darasa la kwanza halijafurika? Na zile 4,000 zimeleta vitabu vingapi? Mwalimu mkuu anaweza kukujibu swali la kwanza kwenye mbao za matangazo za shule. La tatu liko juu ya uwezo wake, na Waziri ndiye anayepaswa kuulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shule ya kijiji ni la wanakijiji pia.

Najua kuna anayesoma hapa akitikisa kichwa. Anasema Bunge limejaa wabunge wa chama kimoja, nani atambana nani? Ni hoja nzito na sitaipuuza. Lakini nikumbushe Aprili 2012. Nazo zilikuwa zama za wingi mkubwa wa chama tawala, CCM. Taarifa za CAG, wakati huo Ludovick Utouh, zilipojadiliwa Bungeni, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alianza kukusanya saini za wabunge ili kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani naye. Waliosaini hawakuwa wapinzani tu. Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM, alitia saini yake. Kura haikupigwa. Hata hivyo mwezi Mei Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje, akiwemo wa Fedha. Miaka minne kabla yake, Februari 2008, taarifa ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Mara zote mbili kilichowatoa watu kwenye viti ni karatasi yenye hesabu iliyosomwa hadharani. Mbunge wa chama tawala naye anataka kurudi jimboni akiwa na cha kusema. Tukimpa swali ambalo wapiga kura mia tatu wamelitia saini, tumempa na ngao.

Kuna na uzembe wetu ambao lazima tuutaje. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa, TBC, yalipositishwa tulipiga kelele, kisha tukazoea. Wakati huohuo Hansard iliendelea kuandikwa, kwa Kiswahili, neno kwa neno, na hadi leo inapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Ni wangapi tumewahi kutafuta ndani yake jina la wilaya yetu? Mawaziri wametoa ahadi kuhusu barabara zetu, nazo zimeandikwa kwa tarehe na ukurasa, na sisi hatuna habari.

Basi tuanze hivi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao, lisomwe kwanza daftari la mapato na matumizi, halafu tuchague mradi mmoja. Nasisitiza mmoja, kwa sababu tukipeleka orodha ya matatizo kumi tutajibiwa kwa hotuba. Wachaguliwe watu watatu au wanne: mwalimu mstaafu, kijana mwenye simu yenye intaneti, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa ambaye hesabu haimpigi chenga. Wao watafute kwa Mtendaji na Halmashauri kiasi kilichotengwa na kilichopokelewa. Wakizungushwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuandika ombi na inaitaka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Waandike. Hata barua ya kukataliwa ni ushahidi, na itaambatanishwa na swali.

Vijiji vya kata moja vikikutana, swali liwe moja, lisainiwe na wengi, lipelekwe ofisi ya mbunge na nakala kwa diwani. Diwani msimruke. Mbunge mwenyewe ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na yapo maswali yanayoweza kumalizika pale wilayani bila kusafiri hadi Dodoma. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mfano mzuri. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu usimamizi wake uliyumba, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Orodha ya vikundi vilivyopata katika Halmashauri yako iulizwe huko huko. Na ndugu zetu wa Zanzibar, kwa mambo yasiyo ya Muungano, mlango wenu ni Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Nako mawaziri huulizwa.

Jibu likitoka, lichapishwe kwenye karatasi na kubandikwa zahanati, shuleni, kwenye duka la jumla na penye kijiwe cha bodaboda. Likisema milioni 30 zimepelekwa, kamati yetu iende ikaangalie milioni 30 zinafananaje. Zikionekana, tumpongeze mbunge na Waziri kwa barua pia, maana na wao ni binadamu. Zisipoonekana, swali la pili limeshapatikana.

Walimu, viongozi wa dini, waendesha redio za jamii, wanafunzi wa vyuo mlioko likizo: kazi hii inawahitaji kuliko mnavyodhani, kwa kuwa ninyi mmezoea kusoma nyaraka ndefu bila kusinzia. Watumishi wa Halmashauri, nanyi ni wananchi. Toeni namba zinapoombwa.

Hesabu za nusu mwaka hufungwa Desemba 31, na Bunge hurudi Dodoma mwishoni mwa Januari. Ili swali letu liwahi, mkutano wa kijiji uitishwe Oktoba, namba zitafutwe Novemba, na barua yenye saini ifike ofisi ya mbunge kabla ya Krismasi. Mwenyekiti wako asipoitisha mkutano, anza wewe kumdai mkutano.