Hizi Foto za Wazee Askari, Tunazifichia Nani?

Kila siku katika Bukavu watu wanasema "Kambi Saïo". Dereva wa teksi anasema, mama muuza sambaza anasema, mwanafunzi anasema. Siku moja katika mkutano wetu tuliuliza watu waliosoma, wenye diploma zao: Saïo ni nini? Mmoja akajibu ni jina la kolonele mmoja wa wakati wa Mobutu. Mwingine akasema pengine ni kilima. Wa tatu akacheka: "Mambo ya basoda, sisi hatuulizake."

Saïo ni mji wa Etiopia, na leo unaitwa Dembidolo. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa pale mikononi mwa Force Publique, yeye pamoja na majenerali wengine 8 na maelfu ya watu wao. Aliyempokea ni Gilliaert, Mbeleji, na jina lake limo ndani ya mabuku. Lakini waliopita Aba na Juba, wakafuata mto Nili, wakateka Asosa na Gambela mwezi wa tatu wa mwaka ule, kisha wakangoja chini ya ule mlima kwa mvua, chakula kidogo na beriberi ndani ya miguu, walikuwa watoto wa Kongo. Hao majina yao yako wapi? Yako nyuma ya foto, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu. Ao yalikuwako, mpaka siku ya kilio.

Tuseme wazi, maana kosa hili ni letu pia. Alipokufa mmoja wa babu zetu, siku ya kuondoa kilio tuliketi kugawa vitu. Shamba lilisumbua, ng'ombe walisumbua, hata radio ilileta maneno kati ya baba mkubwa na baba mdogo. Sanduku la bati halikusumbua mtu. Ndani mlikuwa mukaba wa jeshi, buku ndogo ya utumishi iliyoliwa na mende, na foto saba. Mukaba walichukua watoto wakaenda kuchezea. Makaratasi yaliwashia moto wa sufuria ya bugali, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Tulikuwapo, tulikula ule bugali, na hakuna aliyesema neno. Foto moja tu ilipona, kwa sababu shangazi alikuwa ameisha kuiweka ndani ya Biblia yake.

Na ile foto moja ilitufundisha kitu. Katika familia yetu ilisemwa siku zote kwamba babu alipigana na Wajerumani katika mchanga wa Misri, akaua wengi. Nyuma ya foto imeandikwa "Lagos 1943". Ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma. Brigedi ya Kongo ilipelekwa Naijeria, kisha Misri na Palestina, na ilipofika huko vita ya Afrika ya Kaskazini ilikuwa imeisha kumalizika. Kazi yao ilikuwa ya kulinda. Babu hakuua Mjerumani. Alisimama usiku mbele ya mlango wa ghala, katika baridi asiyoijua, mbali na bibi kwa miaka. Sisi tunaona habari hii ni kubwa kuliko ile ya kuua wengi, lakini wajomba wawili walikasirika tulipoisema. Waache wakasirike. Foto haikusema uongo, ni sisi tuliosema.

Sasa tufike kwa wale wanaotupinga, na wengine ni rafiki zetu, ndani ya shirika hili hili. Wanasema: kijitabu chetu ni cha mila. Tuandike juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto, mezali za wazee. Askari wa Mbeleji si mila, ni mambo ya Bulamatari. Kumsifu ni kusifu chikoti.

Neno hili lina uzito na hatulikimbii. Ni kweli Force Publique iliundwa chini ya Leopold wa Pili, na ndiyo iliyosukuma watu katika mpira, ikachoma vijiji na kukata mikono. Ni kweli bibi zetu walipoona kofia nyekundu njiani walikimbilia migomba. Hata katika ile vita ya 1940-1945, wakati mtoto wa kijiji alikuwa Saïo, baba yake kijijini alitumikishwa kwa lazima: siku 60 kwa mwaka zilipandishwa kuwa 120 mwaka 1942, akakate tena mpira wa porini kama zamani. Na nani aliyempeleka yule mtoto? Mara nyingi mkubwa wa kijiji aliombwa vijana, akatoa wale asiowapenda, ao yatima asiye na mtu wa kumlilia. Miaka saba. Akirudi, si mtu wa kijiji tena: anavaa viatu, anasema Lingala, anaamuru.

Basi, kwa sababu hiyo tunyamaze? Hapo ndipo tunapoachana na rafiki zetu. Wanataka mila iliyo safi, yenye kuoshwa, kama vile wazee wetu waliishi kwa kucheza ngoma na kutoa mezali tu. Babu wa mmoja wetu alikuwa askari. Babu wa mwingine alipigwa na askari. Wote wawili ni babu zetu, na wajukuu wao wameoana, wanakula sahani moja bila kujua. Tukificha foto ya wa kwanza, si kwamba tunamheshimu wa pili. Tunawazika wote mara ya pili.

Tena, huyo askari hakuwa jiwe. Tarehe 20 mwezi wa pili 1944, askari wa Luluabourg, inayoitwa leo Kananga, waliasi na kuvunja ghala la silaha. Mpaka 1960 hakuna mweusi aliyekuwa ofisa. Tarehe 5 mwezi wa saba ya mwaka ule Jenerali Janssens aliwaandikia kwa ubao kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa, na jeshi likamgeuka. Aliyewekwa mahali pake, Victor Lundula, alikuwa mmoja wa wale waliotumika katika vita ya pili ya dunia. Anayesema kwamba hayo ni mambo ya Wabeleji, atuambie basi uhuru wetu ulipita mlango gani.

Lakini na wale wa upande wa pili tunawakemea. Wale wenye foto ya babu katika kioo, sebuleni, medali imepigwa pasi, na hadithi yao ni moja tu: babu alikuwa jasiri, Mfalme alimpenda. Muulize: alipata pansio? Kimya. Alipigwa chikoti mara ngapi? Unaharibu mazungumzo. Na katika foto za kambi, yule mama pembeni, aliyekatwa nusu na mpiga picha, mwenye kitambaa kichwani na mtoto mgongoni, ni nani? "Ah, huyo ni mwanamke tu wa kambini." Mwanamke tu! Ndiye aliyemsagia muhogo, akamfulia, akahama naye kambi kwa kambi. Pengine ndiye bibi yako, na wewe umesimama mbele ya kioo ukimwonyesha wageni medali.

Zaidi ya wote wamesahauliwa wapagazi wa vita ya kwanza. Vita ile ilifika hapa kwetu: Wajerumani waliteka Ijwi mwezi wa kenda 1914, na bonde la Ruzizi, Luvungi, lilisikia bunduki. Kisha majeshi yakasonga mpaka Tabora, iliyotekwa tarehe 19 mwezi wa kenda 1916. Kila risasi, kila gunia la unga, lilikwenda kwa kichwa cha mtu. Wapagazi walipita laki mbili. Katanga waliwaita tenga-tenga. Hao hawakupigwa foto ya sanduku, hawakupewa medali. Kama wapo ndani ya picha, ni mstari wa vichwa na mizigo. Kwao hakuna kitu isipokuwa neno la mdomo: "baba ya nyanya alikwenda na mizigo, hakurudi." Anayelijua neno hilo na halisemi mbele ya watoto, anafunga kaburi ambalo halijapata hata mwili.

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulidharau. Mama mmoja wa Kadutu alituambia, "Munataka nitundike picha ya soda kwa ukuta? Mutakuja kunizika?" Ana haki. Hapa kwetu 1964, 1996, 1998, 2004, na tena 2025, mtu mwenye bunduki akiingia nyumbani usiku na kuona sura ya mtu mwenye uniforme, haulizi ni ya mwaka gani. Watu wengi walichoma foto kwa mikono yao, wakilia, ili kuokoa watoto. Hao hatuwasemi. Tunawasema wale waliokuwa na nafasi na amani, na wakaona uvivu.

Na tunawasema wale wanaotoa foto kwa kila mgeni mwenye kamera na barua yenye kachet. "Nitairudisha kisha wiki mbili." Wiki mbili zimekuwa miaka ishirini. Hatukatai wageni watafute. Wengine wametunza tusichotunza sisi. Albert Kudjabo, mtu wa Ituri, aliyeshikwa na Wajerumani akipigania Ubelgiji katika ile vita ya kwanza, alirekodiwa sauti yake akiwa mfungwa, na ile sauti iko Berlin mpaka leo. Mzee Albert Kunyuku, koplo aliyefika mpaka Burma, alipewa medali na Mfalme Philippe pale Kinshasa mwezi wa sita 2022, akiwa na miaka 100. Vizuri. Lakini je, sisi tulimngoja Mfalme apande ndege ndipo tujue kuna Wakongomani waliofika Burma?

Kwa hiyo sisi wa shirika tumeamua hivi, na asiyependa aje tubishane mbele ya watu. Mkutano wa mwezi ujao hautakuwa wa mezali. Kila mtu alete foto moja ya mzee wake aliyekuwa askari, mpagazi, ao mke wa askari. Asiye na foto alete neno. Itapigwa kwa simu mbele ya mwenyewe, naye ataondoka na foto yake mkononi. Hakuna karatasi itakayolala kwetu hata usiku mmoja. Nyuma ya kila moja tutaandika, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino unakula karatasi, jina, kijiji, mahali, na kama mwaka haujulikani tutaacha pengo. Hadithi za aibu zitaandikwa pamoja na za sifa. Majina ya wanawake yataulizwa kwanza.

Shangazi ameisha kukubali kuja na Biblia yake. Katika ile foto ya Lagos mko watu watano. Yeye anajua majina ya watatu, na huyu wa nne anafikiri alikuwa mtu wa Walungu. Kama kuna mtu Walungu ambaye babu yake alikwenda na hakusimuliwa tena, aje aangalie sura.