Mwano Upigwe kwa Ajili ya Bibi Pia

Ndugu zangu wa Segese, mwano, ukelele wetu wa hatari, ukilia usiku hakuna anayeuliza boma ni la ukoo gani. Kila mwanamume hushika upinde akatoka. Desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, bunduki zikazagaa, ng'ombe wakaswagwa kundi zima. Ndipo Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakazaliwa huku kwetu Kahama, na Mwalimu Nyerere akawaunga mkono.

Mfaransa Émile Durkheim alifundisha kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu, na kwamba adhabu huwafaa walio wema kuliko mkosaji: huwakumbusha yale wanayoyaheshimu pamoja. Nasi tuliyaona hayo. Mwizi alipotozwa ng'ombe, au alipotengwa asipewe moto wala maji, kijiji kizima kilijitambua kuwa ni kimoja.

Lakini jihadharini! Umoja wa namna hiyo hupatikana hata anayeadhibiwa akiwa hana kosa. Mtazameni bibi aliyepika miaka arobaini kwa samadi ya ng'ombe kwa kuwa kuni hakuna. Moshi umemwunguza macho, yamekuwa mekundu, nasi twayaita macho ya mchawi. Vikongwe wengi wa Shinyanga na Geita wamekatwa mapanga kwa wekundu huo. Ndugu zetu wenye ualbino nao wameuawa kwa uongo wa waganga, eti viungo vyao huvuta dhahabu.

Uongo huo hupata wanunuzi kwa sababu gani? Mmarekani Robert Merton alieleza mwaka 1938: jamii ikimtukuza tajiri, kisha njia za halali zikawa finyu, wako watakaotafuta njia za haramu. Kijana ameshinda ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, miezi mitatu, ametoka na kifusi kitupu. Sisi tunampigia makofi mwenye gari jipya bila kuuliza amelipataje. Hapo tumemsukuma wenyewe kwa mganga.

Basi tuusifu utajiri wa jasho tu. Mtuhumiwa tumkabidhi polisi, ahukumiwe na mahakama. Bibi tumpeleke zahanati akatibiwe macho. Na siku wenye mapanga watakapomwendea usiku, mwano ulie, nasi tutoke wote, kama tulivyotoka kwa ajili ya ng'ombe.