Mlima Kenya Haujakosa Vibarua

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wapo wageni wasiosubiri kupewa. Kijana kutoka Ulaya anashuka kwenye matatu mjini Embu au Meru akiwa na shanta mgongoni. Anapanda mlima, kisha anatafuta pa kukaa mwezi mmoja au miwili: achume kahawa kwa mwenyeji ili apate chakula na kitanda, afundishe Kiingereza katika shule ya kijijini, au asaidie katika makao ya watoto. Anaiita likizo ya kazi, na wenyeji wengi humpokea kwa mikono miwili. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: jembe analokabidhiwa lilikuwa mkononi mwa nani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu eneo lenyewe linahangaika kutafuta riziki mpya. Igembe, eneo la Meru linalolima miraa kwenye vilima vya volkano vya Nyambene, ilitikisika Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Mbeere, nyanda za chini za Embu, ilionja uchungu huohuo Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipoharamisha muguka, aina ya miraa inayolimwa huko Mbeere, hadi mahakama ikaingilia kati. Mkulima ambaye soko lake linaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja ana haki ya kuuliza ni nini kingine ardhi yake inaweza kumpa. Jibu linalotolewa haraka zaidi majukwaani ni utalii.

Mali ya kuuza ipo. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199, na kinataka mtu anayejua kamba na miamba. Wengi huishia Lenana, mita 4,985, ambako miguu na mapafu mazuri hutosha. Mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Njia ya Sirimon inaanzia ndani ya Kaunti ya Meru, upande wa Buuri. Ya Chogoria inaanzia Tharaka Nithi, eneo lililokuwa zamani sehemu ya wilaya kubwa ya Meru, na wapandaji wengi huisifu kuliko zote kwa uzuri: bonde la Gorges lenye kuta za mawe zilizosimama wima, Ziwa Michaelson chini yake, na maporomoko ya mto Nithi.

Uzuri huo una thamani inayopanda. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mtalii wa kesho hatakuja kwa ajili ya theluji. Atakuja kwa ajili ya mabonde, maziwa na misitu, na upande wa mashariki umejaliwa vyote hivyo.

Basi kwa nini mgeni mwenye shanta asikaribishwe na kupewa kazi pia? Watetezi wa jambo hili hutaja Australia. Nchi hiyo ilianza kutoa viza za likizo ya kazi mwaka 1975, na baadaye ikaweka sharti kwamba anayetaka kukaa mwaka wa pili afanye kwanza kazi maalumu kwa siku 88, mara nyingi mashambani mbali na miji mikubwa. New Zealand ina mpango kama huo. Huko, miji iliyo chini ya volkano ya Ruapehu hutegemea vijana wa kigeni kuhudumia hoteli na mikahawa msimu wa theluji unapofika.

Mfano huo una kasoro moja kubwa kwa Meru na Embu. Australia iliweka sharti la kuwapeleka vijana wa nje mashambani kwa sababu ya uhaba wa wachumaji. Hata hivyo, wakaguzi wa kazi wa nchi hiyo walichapisha ripoti mwaka 2016 iliyoeleza jinsi wengi wa vijana hao walivyopunjwa mishahara na kuogopa kulalamika, kwa kuwa saini ya mwajiri ndiyo iliyowapa mwaka wa pili. Nchi tajiri, yenye sheria kali za kazi na uhaba wa wafanyakazi, ilishindwa kuwalinda. Runyenjes kule Embu na Nkubu kule Meru hazina uhaba huo. Kahawa inapoiva Oktoba hadi Desemba, wachumaji hufika shambani alfajiri na kulipwa kwa debe. Majani chai yanayopelekwa viwanda vya Rukuriri na Mungania kule Embu, au Githongo na Kionyo kule Meru, huchumwa mwaka mzima na watu wanaoijua kazi hiyo tangu utotoni. Mgeni anayechuma kahawa ili apate kitanda huwa mzito wa mikono na huchanganya mbichi na mbivu. Bado debe lake ni debe ambalo mama jirani hakulipwa.

Sheria nayo imekwisha kusema. Tangu Januari 2024 wageni wengi huingia Kenya kwa idhini ya kielektroniki badala ya viza, lakini idhini hiyo ni ya kutembea. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamkataza mgeni kufanya kazi bila kibali, iwe kwa malipo au bila malipo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Wengi wa wanaojitolea hawajui kwamba neno "kujitolea" haliwapi msamaha. Mwenyeji aliyewakaribisha kwa nia njema hajui pia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kibali cha wageni wanaofanya kazi kwa mtandao huku wakilipwa kutoka nje. Huyo ni mtu wa aina nyingine: analeta mshahara wake, anakodi chumba Meru mjini, na hachukui kibarua cha mtu.

Mahali ambapo likizo ya kazi imeleta madhara ya wazi kuliko shambani ni kwa watoto. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Sababu moja ilikuwa kwamba makao yenye wageni wengi wa kujitolea huvutia michango, na michango hudai watoto waendelee kuwapo, hata wale wenye wazazi. Hatari nyingine ilidhihirika mwaka 2016, mahakama ya Oklahoma nchini Marekani ilipomhukumu kijana aliyekuja kujitolea katika makao ya watoto jijini Nairobi kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto aliokuja kuwasaidia. Baada ya hayo, shule au makao yanayompokea mgeni kwa sababu tu ana moyo na muda yanacheza na maisha ya watoto wa watu.

Hoja ya upande wa pili isidharauliwe. Mtalii wa shanta ana faida ambazo mtalii wa kifurushi hana. Anayelipia safari yote London au Nairobi hupita Embu akiwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Mwenye shanta hupanda matatu, hula githeri kibandani, hununua ndizi sokoni, hulala nyumba ya wageni ya mjane fulani na kumlipa kwa M-Pesa jioni ileile. Akikaa wiki tatu, fedha yake hugusa mikono mingi. Hata kiu yake ya kufanya kazi ina jema ndani yake, maana anataka kujua watu wanavyoishi, na mkulima anayejua hesabu anaweza kuiuza kiu hiyo. Mgeni alipe kushinda siku moja kwenye kahawa, kuanzia mtini hadi kinu cha kumenya na vitanda vya kuanikia, na mwisho anywe kikombe cha kahawa ambayo wenyeji wenyewe mara nyingi hawainywi. Hapo kazi inageuka bidhaa, na anayelipwa ni mwenye shamba.

Kuna kazi nyingine, upagazi, ambayo mlima umeizoea kwa muda mrefu, na ndiyo inayostahili mjadala mkali zaidi kuliko ya wageni. Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza, alifika Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuongoza njia. Bonde lililo upande wa Sirimon bado linaitwa kwa jina la Mackinder. Wapagazi waliobeba chakula, mahema na vyombo vya kupimia hawakuachiwa hata kijito.

Miaka zaidi ya 120 baadaye, mpagazi bado ndiye mtu mwenye kinga ndogo kuliko wote mlimani. Huajiriwa mjini au getini kwa safari ya siku nne au tano, mara nyingi kwa maneno matupu. Sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi wake. Lakini mwajiri wake ni nani: kampuni ya Nairobi iliyouza safari, mwongozaji aliyempigia simu usiku, au mtalii wa shanta aliyekubaliana naye bei kituo cha matatu? Mtalii wa bajeti, anayesifika kwa kuwa karibu na wananchi, ndiye pia anayebana bei hadi mpagazi akapanda bila koti la mvua wala mfuko wa kulalia unaofaa baridi ya mita 4,200.

Kilimanjaro ina la kufundisha. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mradi wa kutetea wapagazi, unaoorodhesha kampuni zinazolipa vizuri na kulisha watu wao, na mizigo hupimwa getini ili mpagazi asizidishiwe kilo 20. Matatizo hayajaisha, lakini mgeni wa Kilimanjaro ana mahali pa kuuliza kabla hajalipa. Wa Mlima Kenya hutegemea zaidi dhamiri ya kampuni aliyoiangukia.

Kalenda ya mlima inatoa fursa ambayo haijatumiwa. Misimu mizuri ya kupanda ni Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba. Mavuno makubwa ya kahawa ni Oktoba hadi Desemba, na madogo Aprili hadi Juni. Kazi hizi mbili hazigongani. Kijana wa Chogoria au Manyatta anaweza kuwa mwongozaji miezi minne na mkulima iliyobaki, na wengi tayari wanaishi hivyo bila mpango wowote kutoka juu. Kinachokosekana ni mkataba, bima na mafunzo yanayotambulika, pamoja na kazi ya malipo ya kutengeneza njia na madaraja ya msituni kila baada ya mvua. Hiyo ndiyo likizo ya kazi inayofaa kutafutiwa bajeti.

Upande wa Embu una kazi zaidi ya kufanya. Kaunti hiyo inanyooka hadi mlimani kupitia msitu wa Irangi, lakini wageni wengi wanaopita Embu mjini huwa njiani kwenda Chogoria, na hawalali. Njia inayotunzwa kupitia Irangi, ikisimamiwa na mashirika ya wanyamapori na misitu pamoja na vyama vya jamii vinavyotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016, ingewapa sababu ya kulala. Kwa upande wa Chogoria tatizo ni barabara ya karibu kilomita 30 kutoka mjini hadi getini. Mvua ikinyesha, gari la kawaida halithubutu, na mgeni wa bajeti hujikuta akitumia fedha nyingi kwa gari la kukodi kuliko kwa mtu aliyembebea mzigo.

Linabaki suala la kupeana. Hadi mwaka 2024 hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyokuwa katika mpango wa likizo ya kazi wa Australia. Kijana wa Maua, kule Meru, hawezi kwenda kuchuma zabibu huko kwa mwaka mmoja huku akitalii. Makubaliano ya uhamiaji ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini Septemba 2024 yanahusu zaidi wafanyakazi wenye ujuzi, na ni mlango wa aina nyingine. Kenya haina sababu ya kuwafungulia vijana wa ng'ambo vibarua vyake bila vijana wake kufunguliwa vyao. Serikali ikitaka kuanzisha viza ya namna hiyo, iwe ya pande mbili, yenye idadi maalumu, na isihusu makao ya watoto kabisa.

Wakati huo ukingojewa, kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu hazihitaji mkataba wa kimataifa ili kukaa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kutangaza kima kimoja cha malipo ya siku kwa mpagazi, mpishi na mwongozaji, kikabandikwa kwenye mageti ya Sirimon na Chogoria kando ya mizani ya kupimia mizigo. Mgeni naye akitaka kuisaidia Meru au Embu, alipe kima hicho bila kupunguza, alale kwa wenyeji kwa bei waliyoitaja, na kuchuma kahawa awaachie wanaolipwa kwa debe.